Bastola ya Mzee Verlin

Corinne Tackett alifika kwa baba yake kama alivyofika kila siku akitoka kazini, sufuria ya maharage mikononi na mkate wa mahindi umefungwa kitambaa juu yake, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega. Baba yake alikuwa amesimama kando ya jokofu, amevaa fulana ya ndani na kofia ya kwendea mnadani. Ameshika bastola. Mdomo wa bastola ulikuwa unamtazama Corinne kifuani.

"Simama hapo hapo, mama," alisema Mzee Verlin. "Ukisogea nakulaza."

"Baba, ni mimi."

"Mimi nani? Kila mwizi ni mimi."

Corinne hakuthubutu hata kuiweka sufuria chini. Joto la sufuria lilimuunguza viganja. Akaanza kusema polepole, kwa sauti ile anayowasemeshea watoto wa darasa la kwanza wakilia kwenye foleni ya chakula, maana alikuwa mpishi wa shule. Akasema ameleta maharage. Akasema yamepikwa pamoja na mfupa wa nguruwe, tangu alfajiri.

Mzee akanusa. "Yana kitunguu?"

"Yana kitunguu."

"Basi unangoja nini? Ingia, chakula kinapoa."

Akaketi, akaiweka bastola kando ya sahani na kula kwa hamu. Katikati ya kula akainua macho, akamwita bintiye kwa jina na kumuuliza ana nini, mbona anatetemeka.

Msije mkadhani Corinne alikuwa adui wa bunduki. Katika vilima vile vya kusini mwa Missouri bunduki ni kitu cha nyumbani kama ufagio. Yeye mwenyewe aliangusha paa wake wa kwanza kabla hajavunja ungo, na aliyemshika bega asiyumbe alikuwa baba yake huyo huyo. Mzee Verlin alifuga ng'ombe maisha yake yote, na siku za Jumamosi aliwafundisha vijana wa kaunti kulenga shabaha. Alikuwa mkali. Aliyeelekeza mdomo wa bunduki kwa mwenzake, hata kwa mzaha, alirudishwa kwao kwa miguu. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa unamla kidogo kidogo, kama panya na gunia.

Alipokuwa bado mzima alimwandikia mwanawe Garland mamlaka ya mambo yake yote. Garland alikuwa mdogo wa Corinne, fundi wa pampu za visima, anaishi upande wa pili wa kilima. Corinne alimfuata kesho yake, akamkuta amelala chali chini ya pikapu.

"Jana Baba alinielekezea bastola."

"Akakupiga?"

"Asingekuwa na njaa angenipiga."

Garland akacheka, kisha akaona haya, akatoka chini ya gari akijifuta mikono. "Dada, umesahau walivyomfanya Eldon?"

Hakuna aliyesahau. Eldon Pruitt alikuwa jirani wa mzee, mgane wa rika lake. Wezi waliotafuta vidonge vya maumivu vya kujilevya walimvamia mchana kweupe, wakampiga kwa mguu wa kiti hadi wakadhani amekufa. Alijiburuta mwenyewe hadi kwenye simu. Polisi walifika damu imeshaganda sakafuni.

"Wale wavulana bado wako huko nje," alisema Garland. "Unataka Baba awapokee na nini? Na mwiko wako?"

"Nataka asiniue, Garland."

"Basi piga hodi! Unaingia kwa mzee mwenye silaha kama ng'ombe zizini, unatarajia nini?"

Corinne alitaka kumjibu kwamba ameingia kwa mlango ule tangu anatambaa. Lakini habari ya Eldon ilimziba mdomo. Ilikuwa kweli.

Akaamua kufanya lake kimyakimya. Siku moja mzee akiwa bafuni, alitoa risasi zote kwenye bastola, akazitia mfukoni mwa aproni, akairudisha ilipokuwa. Alijiona mjanja. Jioni ile ile mzee aliishika bastola, akaipima kiganjani mara moja tu, uso ukabadilika. Mtu aliyesahau kama amekula, aliyemtafuta mkewe marehemu stoo, aliujua uzito wa bastola yake kama anavyoujua mkono wake. Alimpigia Garland simu analia kwamba wezi wameshaingia ndani. Garland akaja mbio. Aliijaza bastola upya, na ili baba yake apate usingizi akamwongezea nyingine mbili. Moja Corinne aliiona chini ya mto alipotandika kitanda. Nyingine aliikuta kwenye kikapu cha mkate, alipotia mkono kutafuta mkate.

Hapo akaenda kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Sherifu Hoyt Bassinger alisoma naye darasa moja, na ukutani ofisini mwake kulikuwa na kichwa cha paa na picha ya wajukuu.

"Hoyt, naomba ukamchukulie baba bunduki kabla hajaua mtu."

"Amefanya kosa gani?"

"Ameninyooshea bastola."

"Ndani ya nyumba yake. Unafungua mashtaka? Nikamfunge pingu Mzee Verlin, aliyenifundisha kulenga?"

"Sitaki afungwe. Nataka zitoke mle ndani."

Hoyt akavua kofia, akakuna kipara. "Dada yangu, kuna majimbo ningekwenda kwa jaji leo hii nikazichukua kwa muda. Hapa sheria hiyo hatuna, na nikiitaja tu, watu wangu watanila mzima mzima. Nenda mahakamani. Jaji akisema mzee hawezi tena kujisimamia, nitakwenda mwenyewe. Kabla ya hapo mikono yangu imefungwa."

Habari za kaunti ndogo hazilali. Jumapili, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, bakuli la saladi ya viazi la Corinne lilibaki limejaa. Mama mmoja waliyeimba naye kwaya miaka na miaka akamsogelea. "Nasikia unamnyang'anya baba yako bunduki. Umeanza kusema kama watu wa kwenye televisheni."

"Ni mgonjwa, Faye. Hanijui."

"Leo ni za mgonjwa. Kesho watasema na mimi ni mgonjwa."

Corinne alijua Faye hakusema kwa ubaya. Faye aliishi peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, na bunduki ya marehemu mumewe ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi. Akafunika bakuli lake akaenda nyumbani.

Alitafuta wakili, daktari akaandika aliyoyaona, siku ya kesi ikafika. Garland ndiye aliyemleta mzee mahakamani. Alikuwa amemnyoa ndevu na kumvalisha tai. Ugonjwa ule una siku zake. Siku hiyo uliamua kumwachia mzee nafasi.

Jaji, mwanamke wa umri wa kati, akamuuliza kwa upole kama anajua leo ni siku gani.

"Jumanne, mheshimiwa, maana jana ulikuwa mnada. Na wewe najua ni mjukuu wa Orville Finch. Babu yako aliniuzia fahali chongo, akaniapia kwamba hana chongo, anakonyeza tu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Jaji akacheka hadi akashika miwani.

"Na bunduki, Bwana Tackett? Unaziwekaje?"

"Kila bunduki ina risasi, mheshimiwa, hata ile ambayo haina. Na hunyooshei usichotaka kukiua."

Corinne naye alikuwa amecheka. Hilo ndilo lililomwandama baadaye kuliko hukumu yenyewe. Alicheka na machozi yakamlenga, kwa sababu yule aliyesimama pale ndiye baba yake hasa, na hakuwa amemwona siku nyingi. Wakili wake alipomwita aeleze habari za jokofu na bastola, maneno yalimtoka makavu, kama ya mtoto anayemsengenya mzazi. Ombi likakataliwa.

Garland aliitwa kwenye kisima kilichoharibika, akamwomba Corinne amrudishe mzee. Njiani mzee alitazama malisho yakipita, ameshikilia kofia yake magotini.

"Unaendesha vizuri, mama," alisema. "Nishushe pale kwenye sanduku la barua. Binti yangu ameshapika, nikichelewa atanuna."

Corinne akapunguza mwendo. "Binti yako anaitwa nani?"

"Corinne. Mkali huyo! Lakini ana moyo."

Majani yalipoanza kupukutika, mzee alimpiga risasi Josie, jike la mbwa aliyelala miguuni pake miaka yote tangu mama yao afe. Alimpiga kupitia wavu wa mlango, mbwa akikwaruza aingie ndani. Garland ndiye aliyezisugua mbao za baraza na kumzika nyuma ya banda. Corinne alimkuta anamalizia, macho mekundu.

"Angekuwa mjukuu wa Eldon, analeta mayai?" aliuliza Corinne.

"Na angekuwa mwizi?"

"Hakuwa mwizi. Alikuwa Josie."

Garland aliegemea sepetu. "Nilitaka kuzichukua leo," alisema hatimaye. "Naapa. Nikaingia ndani, nikamkuta anaisafisha ile ya zamani kwa kitambaa chake, taratibu, kila kipande mahali pake. Amemsahau Mama, Corinne. Mimi ananiita kwa jina la kaka yake. Bastola hajaisahau. Nikimpokonya na hiyo, atabaki nani mle ndani?"

Walisimama pamoja kwenye udongo mbichi, na kutoka barazani wakamsikia mzee akipiga mluzi, anamwita mbwa aje ale.

Baridi ikaingia. Corinne hakuacha kwenda. Alipiga honi akiwa bado getini, akangoja barabarani hadi pazia litikisike. Siku nyingine halikutikisika, naye akakiacha chakula juu ya nguzo ya uzio na kurudi kwake.

Alasiri moja pazia lilitikisika upesi. Mzee alimfungulia mlango mwenyewe, macho yameingia ndani. Ilionekana hakuwa amelala.

"Wanazunguka nyumba," alinong'ona. "Nikifumba jicho tu, watanivamia. Wewe mama, hii unajua kuitumia?"

"Najua. Baba yangu alinifundisha."

"Basi baba yako ni mtu wa maana. Kaa hapa. Wakija, usibishane nao."

Akamkabidhi bastola. Akajitupa kwenye kiti chake cha ngozi na usingizi ukamchukua papo hapo, mdomo wazi.

Corinne akaketi mkabala naye, bastola mapajani. Gari lilikuwa nje. Bwawa la ng'ombe lilikuwa pale tu, nyuma ya uzio, lina kina cha kutosha. Akainuka nusu. Akakumbuka ya kwenye kikapu cha mkate, na ya chini ya mto, na zile bunduki ndefu za kabatini ambazo ufunguo wake anao Garland. Hii ikizama, kesho itakuja nyingine. Na mzee akizinduka, amkose mlinzi aliyemwamini? Akaketi tena. Nje theluji nyepesi ilianza kudondoka juu ya baraza. Hakuna mtu aliyezunguka nyumba.

Kiza kilipokuwa kinaingia, mzee akafumbua macho. "Wamekuja?"

"Hawajaja."

"Ahsante, mama. Mungu akubariki. Haya, nirudishie, uende kwa watu wako wasikungoje."

Corinne akamrudishia, kitako mbele. Akachukua sufuria yake, akatoka. Nyuma yake akasikia komeo likishuka.