Waya Mnene wa Dahabo

Ukishuka Garsen kwenye njia panda ya kwenda Lamu, ukapita wauza mahamri, utamkuta Dahabo amekaa nyuma ya meza iliyoning'inizwa nyaya kama matumbo ya mbuzi siku ya Idi. Wengi humwita Mama Hamdi. Hapo hapo ndipo alipoanza kwa kuuza maziwa. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa kwao, madumu yakabaki matupu, akanunua sola na kuanza kuchaji simu za wapita njia. Baada ya chaji zikaja nyaya.

Mwanzoni aliuza kama wanavyouza wengine. Mteja anaonyesha tundu la simu yake, naye anatafuta waya wenye mdomo wa kuingia hapo. Ukiingia, biashara imekwisha. Lakini watu walirudi wakinung'unika. Mmoja alisema waya unachaji vizuri, ila kompyuta haiioni simu. Mwingine alilalamika kwamba kuhamisha filamu kumemla mchana kutwa, na mwenzake mwenye waya wa mdomo ule ule alimaliza kabla chai haijapoa. Dahabo aliona haya. Miaka yote ya maziwa hakuna aliyewahi kumrudishia hata kikombe.

Akaenda kwa jirani yake Gershom, Mpokomo mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, akamuuliza. Gershom alimwonyesha matundu mawili ya kompyuta. Yote yalikuwa ya mstatili, sawa kwa umbo, lakini moja lilikuwa na ulimi mweusi na jingine ulimi wa buluu.

"Huu mweusi ni USB ya pili, huu wa buluu ni ya tatu," alisema. "Umbo ni mlango tu, Mama Hamdi. Namba ndiyo inakwambia mzigo unapita ndani kwa mwendo gani."

Dahabo akayachungulia matundu yote mawili. "Kumbe ni dumu," akasema. "Mdomo wa dumu naniambia kifuniko gani itaingia. Haniambii kama ndani ni maziwa ama maji."

Gershom alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kuanzia hapo akawaeleza wateja wake kwa maneno hayo hayo.

Dahabo hakuuza tena waya asioujaribu. Alihamisha filamu moja ile ile kwa kila waya huku akipika chai, akiangalia upi unaotangulia. Wa kuchaji tu aliufunga uzi mweusi, wa polepole uzi mweupe, na wa kasi uzi mwekundu. Hata hizi Taip-C za siku hizi, ambazo watu hudhani zote ni ndugu kwa kuwa mdomo ni mmoja, alizitenga hivyo hivyo. Wenye uzi mwekundu alikuwa nao mmoja, mfupi na mnene, uliokuja na diski ya mtumba aliyoinunua. Huo hakuuuza.

Asubuhi moja akaja Huka, mchungaji wa Kiorma, amebana simu kwapani kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa. Ilikuwa simu kubwa, aliyoletewa na kaka yake kutoka Doha. Ng'ombe alikuwa ameikanyaga. Ilikuwa ikiita na kutetemeka, lakini kioo chake kilikuwa cheusi tii.

"Dada, nisaidie," alisema. "Ng'ombe wangu walipotea. Wameonekana soko la Madogo, na kuna mtu anasema ni wake, amenunua. Wazee wa soko wanataka picha ya masikio, tulivyoyakata kwa alama yetu ya zamani. Picha ziko humu ndani. Jioni hii wanamwachia yule mtu."

Gershom, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa saiba yake, alitikisa kichwa. Huka alikuwa ameanzia kwake. "Nimeiunganisha na skrini yangu kwa waya wa Taip-C. Imeingia vizuri, lakini picha haikuja. Nadhani tundu la simu limekufa."

"Ulitumia gani?"

"Ule nilionunua kwako."

"Ule ni uzi mweupe, Gershom! Hiyo nabeba faili, tena kwa kuchechemea. Picha ya skrini hawezi."

"Sasa mbona uliniuzia?"

"Uliniambia ni ya faili. Uliniambia skrini?"

Akachukua waya mnene, wakaingia saiba wote watatu. Wakachomeka. Skrini ikabaki nyeusi. Huka akaangalia mlangoni, kule jua lilikokuwa likipanda.

"Labda simu yenyewe haijui kutoa picha," Gershom alisema kwa upole. "Ziko nyingi za hivyo, na tundu ni hili hili."

Dahabo aliichomoa simu, akaigeuza kwenye mwanga, akachungulia tundu. Kisha akachomoa pini kwenye mtandio wake, akachokoa. Ikatoka punje ya samadi iliyokauka.

"Huyo ng'ombe yako alikanyaga vizuri," alisema, akachomeka tena.

Skrini ikapepesa, ikawaka. Kioo cheusi cha simu kilikuwa bado kinasikia kidole, basi Huka akawa anagusa huku chini na kuangalia kule juu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Picha zikafunguka: sikio, baka, pembe, sikio tena.

"Wote mbona ni sawa tu?" Gershom aliuliza.

"Wewe mkulima, ng'ombe unamjua wapi?" Dahabo alimtania.

"Namjua sana. Akiingia shambani kwangu namjua mpaka jina."

Huka alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akazituma zote kwa binamu yake Mukhtar, aliyekuwa Madogo na wale wazee. Kisha wakakaa. Dahabo alimimina chai, lakini ya Huka ilipoa bila kuguswa.

Adhuhuri ilikuwa imeshapita simu ya Huka ilipoita. Nyuma ya sauti ya Mukhtar kulikuwa na watu wakibishana, na ng'ombe.

"Wazee wameona alama," Mukhtar alisema. "Yule mtu amekubali. Njoo uchukue wanyama wako."

Huka akajipangusa uso kwa kanzu.

"Dimtu yuko hapo?" aliuliza mwishowe. "Yule ng'ombe mwekundu?"

"Yuko hapa mbele yangu."

"Mwekee simu sikioni."

Akamwita jina, taratibu, kama anavyomwita kisimani. Saiba nzima ikasogea kusikiliza. Kule Madogo ng'ombe akalia.