Kifungo cha Juu

Wagonjwa walimwita Bi Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwabandika nyaya kifuani na kungoja mashine ichore mapigo ya moyo. Mashine yenyewe ilikuwa kongwe na yenye kigugumizi. Ikichora vibaya, Bi Waya alipima tena, na mara nyingi mchoro wa pili ulitoka safi. Akajijengea imani: wa kwanza ni wa mashine, wa pili ni wa mgonjwa.

Siku hiyo aliyelala kitandani alikuwa kaka yake, fundi cherehani. Tangu aanze vidonge vipya, uvimbe wa shingoni ulikuwa umenywea. Mchoro wa kwanza ulionyesha moyo unachelewa mno kutulia baada ya kila pigo. Bi Waya akapima tena. Vilevile. Akabadilisha nyaya, akapima tena.

"Dada, moyo wangu umeupiga picha nyingi kuliko bibi harusi."

"Nyamaza, unatikisa nyaya."

Alinyamaza. Mashine nayo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haikugugumiza: mchoro wa tatu ulikuwa uleule.

Bi Waya alipeleka michoro yote kwa daktari, akitumaini kuambiwa mashine ni mbovu. Daktari aliitazama kwa muda.

"Vidonge vinazima amri inayouambia uvimbe ukue," alisema. "Bahati mbaya amri hiyohiyo, kwenye moyo, ndiyo inayosimamia vimilango vya kupitishia chumvi. Tukiizima, vimilango vinachelewa kujifunga. Moyo unaweza kusimama ghafla."

"Hamuwezi kuizima shingoni tu?"

"Kidonge hakijui shingo wala moyo, Bi Waya."

"Basi dawa nyingine."

"Hizo nyingine ndizo tulizoanza nazo."

Vidonge vikasimamishwa. Moyo ungepona, ili uendelee kuusukumia uvimbe damu.

Aliporudi, kaka yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akivaa shati alilojishonea mwenyewe kabla ya kuugua.

"Wamesemaje?"

Akamweleza. Hakuficha kitu, hakujua pa kuficha.

Kaka yake akainua kidevu. "Nifunge hicho cha juu. Vidole vimekufa ganzi."

Kifungo kile hakikuwa kimefungika kwa miezi. Bi Waya alikipitisha kwenye tundu bila shida yoyote.

"Unaona?" kaka yake alisema. "Nilikata vizuri."

Bi Waya hakutoa mkono wake kwenye kola.