Mashine Yangu ya Kuijua Kesho

Niliwahi kuamini kwamba bei za hisa ziliwashinda mabingwa wote wa Nairobi kwa sababu moja tu: walikuwa hawajanipata mimi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, Msambweni, mwenye kompyuta iliyofungwa utepe kwenye bawaba.

Nilikuwa nimejifunza mtandaoni kutengeneza mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano kama mwanafunzi, ila haiombi ruhusa ya kwenda msalani. Niliunda mia moja, nikazilisha bei za zamani za hisa za benki moja, kila programu ikisie bei ya siku inayofuata. Zilizokisia ovyo nilizifuta. Zilizokisia vyema nilizichanganya zikazaa nyingine, kizazi baada ya kizazi. Viumbe wa dunia walihitaji muda mrefu kufika walipo. Wangu walihitaji likizo ya Agosti na feni pekee ya nyumbani, kuipoza kompyuta. Mke wangu alibaki na joto lake.

Kizazi cha mwisho kilikuwa cha ajabu. Kilikisia kila siku bila kukosea. Shule zilipofunguliwa nililitangaza jambo hili kwa unyenyekevu: nilichora mchoro kwenye ubao wa chumba cha walimu, nikawaomba wote wanyamaze.

Naibu mwalimu mkuu, mtu wa bara aliyehamia huku zamani lakini anaongea kama aliyeshuka jana, alinishika mkono.

"Mwalimu, hii kitu ni moto! Hutatusahau, ama?"

Nikamwahidi sitawasahau. Tayari nilikuwa namtazama kama mtu niliyewahi kufanya naye kazi.

Jumamosi, baada ya chai, mke wangu aliomba kuiona hiyo mashine. Yeye hufundisha darasa la tatu, Ukunda. Alilisoma polepole jedwali la bei nililoilisha, kisha akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Mwenzangu, hii si bei ya kesho yake?"

"Ndiyo. Ndiyo inayokisiwa."

"Mbona umeitia pamoja na zile unazoipa mashine? Umeandika jibu ndani ya swali. Watoto wangu wakipata mtihani wa namna hii, wote watapata mia."

Nilitazama hadi masikio yakapata moto. Mashine haikuwa ikibashiri chochote. Nilikuwa nimezalisha vizazi na vizazi vya mabingwa wa kunakili.

Nikaiondoa ile safu, nikaanza upya. Baada ya wiki mbili bingwa mpya alitoa busara yake: bei ya kesho itakuwa kama ya leo. Kila siku, jibu ni hilo.

"Hilo hata mimi ningekwambia," alisema mke wangu, "tena bila feni."

Nikaenda kukiri mbele ya walimu wenzangu, nimejiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Naibu alinitazama kwa huzuni.

"Kumbe wewe ni mtu wa hivyo. Imekubali, sasa unatuficha."

Nikaapa. Nikaeleza kosa langu kwa mchoro, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ninaficha kitu kikubwa. Mwisho nilimpa naibu nakala ya ile mashine mpya.

Huifungua kila asubuhi kabla ya gwaride. Juzi alinivuta kando, akanishukuru kwa sauti nzito.

"Iko sawa kabisa, mwalimu. Inakosea kidogo tu."