Jumapili za Mwikali Nansha

Getrude alipiga hodi akiwa na sufuria mkononi, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, kumbe alileta maneno.

"Mama Blessing, huyo shoga yako Mwikali anatuuza kwa polisi."

Felisia alikuwa akimnyonyesha mtoto wake Blessing. "Anatuuza vipi, dada?"

"Visa yake imekufa tangu mwaka jana. Kiangazi hiki hapa Guangzhou polisi wa Kichina wanapanda ngazi kila Jumapili, wanagonga milango, wenzetu wanaruka madirishani. Yeye anavaa kofia, anapanda gari la Sammy, anarudi jioni kichwa kimelowa. Ujasiri huo anaupata wapi, kama hana mkubwa wao anayemkinga?"

Felisia alimhamishia mtoto titi la pili. Alipojifungua, mumewe Aloyce akiwa soko la nguo la Shahe anafunga marobota ya mashati, ni Mwikali aliyemkorogea uji na kumkanda kwa maji ya moto. Mwikali huyo huyo aliyeuza chapati mlango kwa mlango, kicheko chake kikimtangulia ngazini. Hata hivyo maneno ya Getrude yalimkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Mwishowe akamwuliza mwenyewe.

"Jumapili huwa unakwenda wapi, dada Mwikali?"

"Si uje uone! Na umbebe huyo mke mwenzangu," alijibu, akimfinya Blessing shavu.

Sammy, Mkenya mwenzake Mwikali, kila Jumapili alikuwa akipeleka mizigo bandarini Nansha, kusini mwa jiji. Jumapili iliyofuata yeye na dereva wake waliwashusha kwenye maegesho ya ufukwe wa umma. Mlinzi wa maegesho, mzee mwenye filimbi shingoni, alimpungia Mwikali mkono kama anamwona shemeji yake. Chini mchangani kulikuwa na akina mama waliojifunika miamvuli wasiungue jua, watoto waliovaa maboya, mabafu ya kuogea, na makabati ya kukodi ambayo funguo zake unazivaa mkononi kama bangili.

"Ndiyo siri yenyewe?" Felisia aliuliza.

"Ndiyo hii. Hebu nioneshe mtu mmoja hapa mwenye pasipoti." Mwikali alizungusha mkono. Matumbo wazi, kaptula, miguu mitupu. "Mimi nikiwa majini, anayeniuliza *huzhao* nimwambie nimeiweka wapi? Kwapani?"

Felisia alicheka mpaka Blessing akashtuka mgongoni. Huzhao, yaani pasipoti, ndilo neno ambalo kila Mwafrika wa Guangzhou alilijua kabla hajajua kuomba maji. Na hapo hapo akamwonea haya Getrude na maneno yake. Kumbe mtu alikuwa anajificha tu, tena hadharani.

Mwikali, mtoto wa Likoni kule Mombasa, aliingia majini, pale mto unapomwagikia baharini, akaonja, akatema. "Bahari gani hii haina chumvi? Ya mgonjwa wa presha!"

Hata mchana haujakolea, polisi wawili wakashuka kutoka maegeshoni. Walikuja moja kwa moja kwa Felisia. Akaenda kuchukua pasipoti yake kabatini; visa yake ilikuwa nzima. Waliitazama, wakamchekea mtoto. Kisha mmoja akanyoosha kidole majini.

"*Huzhao?*"

Mwikali alikuwa amezama hadi shingoni. Akainua mikono yote miwili, mitupu, inachuruzika maji. "*Mei you!*" akapaza sauti. Sina! Waogaji waliokuwa karibu wakaangua kicheko, hata polisi kijana akatabasamu. Yule mkubwa alisimama pale juani akimsubiri, akajifuta jasho, akasubiri tena. Mwishowe wakapanda kurudi kwenye gari.

Felisia aliwafuata mpaka maegeshoni. Aliliona gari likitoka getini, akarudi mbio.

"Wameondoka, dada! Toka!"

"Kaangalie tena."

Akaenda, akarudi. Hawapo.

"Labda wamejificha nyuma ya basi. Kaangalie, mamangu."

Akaenda tena na mtoto wake mgongoni, akachungulia nyuma ya kila basi, mlinzi akimshangaa. Aliporudi Mwikali alikuwa pale pale. Watu walitoka, wakala, wakakunja miamvuli. Jua likapoa. Yeye hakutoka hadi mwokoaji wa ufukweni alipopiga filimbi ya kufunga na kumwamuru kwa mkono atoke. Alitembea mchangani akitetemeka, midomo imepauka, vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee.

Bafuni, Felisia alimfungulia maji ya moto, akamsugua mgongo taratibu kama anavyomsugua Blessing. Kicheko chote kilikuwa kimebaki majini.

"Mama Blessing," Mwikali alisema mwishowe, uso ukutani, "mimi nimekulia baharini. Sikuwahi kuogopa kutoka majini. Leo nimeogopa mchanga."

"Pole, dada yangu."

"Nimechoka. Kesho naenda kwa polisi mwenyewe, kwa miguu yangu. Wanifungie wanavyotaka, halafu wanirudishe kwetu." Aligeuka, maji yakimtiririka usoni, akamshika Felisia kiganja. "Lakini peke yangu nitaishia njiani, najijua. Nisindikize. Usiingie, usiseme kitu. Simama tu pale mlangoni na mtoto, hadi niwe nimeshaingia ndani."