Nyumba Niliyomtengenezea Mwenye Nyumba

Mvua ya kwanza katika ile nyumba ya mtaa wa Chanji, Sumbawanga, ilinikuta jikoni nakoroga uji wa ulezi. Tone moja likaanguka kwenye sufuria, la pili likanipata shingoni, na nilipoinua macho dari lilikuwa limeshatoa doa la kahawia kubwa kama sinia. Nikahamisha jiko. Nikahamisha kitanda. Nikahamisha gunia la mahindi nililoletewa na mama kutoka kijijini Kate, mpaka nikawa sina tena pa kuhamishia kitu. Kesho yake asubuhi nikampigia simu mwenye nyumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Nyumba inaendeleaje?"

"Inavuja, baba. Jikoni na chumbani."

"Aa, pole sana. Nitaleta fundi wiki hii."

Nilikaa katika nyumba ile miaka sita. Fundi huyo sijamwona hadi leo.

Sikuwa nimepanga kujifunza ufundi. Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na bado ndiyo kazi yangu. Mafundi walikuwa wakija asubuhi, wanaegemea kaunta, wanabishana juu ya msumari upi unafaa kwa bati na waya upi haufai kwa jiko la umeme. Walizungumza mbele yangu kana kwamba nami ni rafu. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nisipoelewa niliuliza, na wengine walinijibu vizuri, wengine wakacheka: "Dada, wewe uza tu." Niliuza, na nilichokisikia nikakishika.

Wiki tatu baada ya ile simu nilichoka kungoja. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Wampembe, kule ziwani, aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa migebuka sokoni, alikuwa na ngazi. Alikubali kuniazima kwa sharti kwamba aishike mwenyewe.

"Ukianguka," aliniambia, "mimi nitaanzia wapi kumweleza mama yako? Kifipa chenyewe sikijui."

Nilipanda. Upepo wa kwetu unajulikana, siku hiyo ulikuwa unavuta gauni kama mtu. Nilipofika juu nilitamani kulia, kwa sababu kosa lilikuwa wazi hata kwa asiye fundi. Aliyeezeka alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati, pale pale maji yanapopita, badala ya kwenye migongo. Raba za misumari zilikuwa zimekauka na kupasuka. Yaani nyumba ile ilianza kuvuja siku ilipoezekwa, na kila aliyewahi kupanga humo alinyeshewa kwa sababu mtu mmoja hakutaka kusumbuka.

Nikiwa huko juu akapita mwanamume njiani, akasimama. "Dada, mume wako yuko wapi mpaka upande wewe?"

Jirani yangu hakuachia ngazi. "Kama unaweza, panda wewe. Kama huwezi, pita."

Akapita. Mimi niling'oa misumari ile mmoja mmoja, nikaziba matundu kwa lami, nikapigilia mipya kwenye migongo ya bati. Mvua iliyofuata nilikaa jikoni na taa mkononi, natazama dari. Halikudondosha kitu. Nilimpigia jirani simu ilhali yuko hatua ishirini kutoka kwangu, nikamwambia, "Kukavu!" Akapiga vigelegele.

Baada ya hapo sikuweza tena kuacha. Kitu kikiharibika nilimpigia mwenye nyumba kwa heshima, naye alinijibu kwa heshima, kisha nikakitengeneza. Mlango wa mbele ulikuwa unafungwa kwa waya. Nikanunua kitasa kizuri, nikaazima patasi, nikachonga mlango Jumapili mbili mfululizo mpaka kikaingia. Soketi ya sebuleni ilikuwa imeungua, imekuwa nyeusi. Umeme nauogopa mpaka sasa, kwa hiyo nilizima swichi kuu, nikajaribu kwa tesita mara tatu, ndipo nikaifungua na kuweka nyingine. Niliweka pia boya jipya kwenye tangi la choo, na holda mpya za taa vyumba vyote.

Sisemi nilikuwa hodari. Siku ya kubadilisha koki ya bafuni nilisahau kufunga koki kubwa ya uwani. Nilipozungusha spana mara ya mwisho, koki iliruka, na maji ya mwezi wa saba, nanyi mnajua mwezi wa saba wa Sumbawanga ulivyo na baridi, yalinipiga kifuani kama ndoo. Niliziba bomba kwa viganja, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio na kanga moja kufunga koki ya nje. Nilitetemeka mpaka jioni. Lakini koki ile haikuvuja tena.

Kila nilipomweleza mwenye nyumba, alifurahi. "Hongera binti. Wewe ni mtu wa kwetu kabisa." Kodi alikuwa anaipokea kwa wakati wake, kamili. Hata siku moja hakuniuliza koki ile niliinunua kwa shilingi ngapi.

Mwaka wa sita, mvua zikiwa zimekolea, alikuja mwenyewe. Nilimkaribisha, nikampa chai. Mvua ikaanza kupiga bati kwa nguvu na yeye akawa anatazama dari. Niliona fahari. Kweli, nilikaa pale kama mtoto aliyeshika namba ya kwanza, nikingoja asifu. Akainuka, akawasha taa na kuzima. Akaenda bafuni, akafungua koki, akafunga. Akafika mlangoni, akazungusha ufunguo kwenye kitasa mara mbili.

"Binti," alisema, "nyumba imekuwa nzuri."

"Asante baba."

"Sasa kijana wangu wa pili anaoa baada ya mavuno. Nimeona hii nyumba inamfaa kuanzia maisha. Nakupa miezi mitatu utafute pengine."

Sikumwelewa. Nilimwomba arudie, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile ya upole, akamalizia chai yake. Nilipata nguvu ya kuuliza jambo moja tu.

"Baba, kwa nini kijana hakupewa ilipokuwa inavuja?"

Alinitazama kama aliyetukanwa. "Ningempaje mwanangu nyumba inayovuja?"

Sentensi hiyo nimeibeba miaka yote. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kuisema mbele ya mtu aliyenyeshewa humo humo na kuona hajasema kitu.

Nilipata chumba mtaa mwingine kabla ya miezi mitatu kuisha. Siku mbili kabla ya kuhama nilichukua bisibisi. Vile vitu vyake vibovu sikuwa nimevitupa. Vilikuwa kwenye mfuko wa saruji nyuma ya nyumba, kwa kuwa vilikuwa mali yake na sikuwa na ruhusa ya kuvitupa. Nikavirudisha kimoja kimoja. Kitasa changu nikakitoa, mlango nikaufunga kwa waya wake. Boya langu nikatoa, nikarudisha lake lenye ufa. Koki, holda za taa, vivyo hivyo. Soketi iliyoungua peke yake sikuirudisha. Ile ingeweza kuua mtu, na bibi harusi wa kijana wake hakuwa amenikosea kitu. Paa sikuligusa.

Jirani alikaa kwenye ngazi ya mlango akinitazama. "Unafanya vibaya?" aliniuliza, kama anayeuliza kweli.

"Sijui," nikamjibu. "Nina hasira."

"Basi malizia."

Siku ya kuhama mwenye nyumba alikuja kupokea funguo, akakuta hakuna funguo. Alizunguka vyumbani, akatoka uso umebadilika. "Umeibomoa nyumba yangu! Mwizi!" Majirani wakatoka. Mimi niliyemwamkia kila tulipozungumza kwa miaka sita, nikaitwa mwizi mbele ya watu, nimeshika bisibisi yangu mwenyewe. Nikamwambia twende kwa mwenyekiti wa mtaa, na tukaenda hivyo hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, jirani yangu katikati.

Mwenyekiti alitusikiliza akiwa kibarazani kwake. Mwenye nyumba alisema kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba. Mimi nilitoa risiti zangu, kwa kuwa dukani kwetu nilijiandikia kama mteja mwingine yeyote. Mwenyekiti alizisoma zote, taratibu, kisha akazikunja.

"Mzee," alimwuliza, "katika miaka hii sita, nitajie fundi mmoja uliyempeleka kwenye ile nyumba."

Mwenye nyumba alikohoa. "Nilikuwa na mpango."

"Jina lake."

Jirani yangu alitaka kucheka, nikamkanyaga mguu.

Uamuzi ulikuwa hivi: kinachofunguliwa kwa bisibisi au spana ni changu, misumari ya paa na kazi yote ya kule juu vibaki. Niliuliza nani atanilipa kazi ya juu ya paa. Mwenyekiti akasema nilikaa pakavu miaka sita, hayo ndiyo malipo. Nilitaka kusema kwamba mpangaji hulipa kodi ili akae pakavu, kwamba ndiyo maana inaitwa nyumba. Badala yake nikachukua risiti zangu. Hakuna aliyemwambia mzee aombe radhi kwa neno lile la mwizi. Alitoka akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wana roho mbaya.

Na mimi nilipokuwa natoka, mwenyekiti akaniita pembeni.

"Binti, samahani. Bomba la jikoni kwangu linavuja tangu Pasaka. Unaweza kulitazama?"

Nilimtazama yeye kwanza. "Jumamosi," nikasema. "Na unilipe unavyomlipa fundi mwanamume."

Alicheka, akidhani natania. Jumamosi nilikwenda, nikalitengeneza, nikasimama mlangoni mpaka akalipa.

Mavuno yakapita, harusi ikapita, nilisikia ilikuwa kubwa. Siku moja, mchana wa kazi nyingi, akaja dukani msichana mwenye hina bado mikononi. Akauliza kitasa cha mlango wa mbele.

"Mlango wa mbao au wa chuma?" nikamuuliza.

"Wa mbao. Una shimo tayari, kulikuwa na kitasa. Tunafunga kwa waya." Akashusha sauti, kwa aibu. "Mpangaji aliyekuwepo alikuwa mtu mbaya, aliharibu kila kitu kabla ya kuondoka. Baba mkwe ndivyo alivyosema."

"Nyumba iko wapi?"

"Chanji."

Nilikuwa nimeshika kitasa cha kumwonyesha. Nikakiweka juu ya kaunta.

"Mpangaji huyo ni mimi."

Akarudi nyuma hatua moja. Nikamweleza yote, kuanzia uji ulioingia maji, nikimweleza kwa sauti ya kawaida huku wateja wakisubiri nyuma yake, na nikamweleza pia lile neno la baba mkwe wake, kwamba hawezi kumpa mwanawe nyumba inayovuja. Fundi mmoja aliyekuwa anangoja misumari alianza kulalamika, mwenzake akamwambia anyamaze.

"Kwa hiyo paa ni lako," alisema mwishoni.

"Paa ni langu."

"Halivuji kabisa." Alisema kama anayejisemea.

Nilimchagulia kitasa kinacholingana na shimo nililolichonga mimi. Nikachukua karatasi, nikamchorea: skrubu ndefu ziende upande upi, wa bawaba au wa kitasa, ulimi utazame wapi, ajaribu ufunguo mlango ukiwa wazi kabla ya kuufunga, asije akajifungia nje. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana. Kisha akauliza bisibisi nzuri ni ipi, nikamwonyesha, akaichukua nayo.

Aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye mkoba, akaondoka bila kuniaga. Alikuwa na hasira, hilo niliona wazi kwa jinsi alivyokuwa anatembea. Alikuwa amenikasirikia mimi au amemkasirikia mzee, sikujua, na wateja walikuwa wanagonga kaunta wanataka misumari.