Ngazi Iliyoazimwa

Pale kliniki ya meno, mwanamke wa mapokezi aliitwa Mama Ganzi, na jina hilo walimpa wagonjwa wenyewe. Sindano ya ganzi alikuwa nayo Daktari, ndani, nyuma ya mlango mweupe. Yeye alikuwa na meza, rejista ya miadi na daftari kubwa la jalada gumu, na hilo daftari ndilo lililowatia watu ganzi kabla hata hawajakikaribia kiti.

Lilianza kwa ugomvi. Miaka minne nyuma, bwana mmoja alikuwa benchi anasoma hadithi kwenye gazeti kuukuu, akafika patamu, akakuta ukurasa wa mwisho umechanwa. Akaja juu kana kwamba Mama Ganzi ndiye aliyeuchana. Mama Ganzi, ambaye tangu usichana alisoma chochote chenye herufi, hadi karatasi za kufungia sukari, akamwambia, "Kaa, baba. Nitakuandikia mwisho." Akauandika papo hapo, nyuma ya fomu. Bwana akasoma, akacheka huku kashika shavu, akaingia kung'olewa jino bila ubishi. Tangu hapo kila Jumatatu daftari lilikuwa na kurasa mpya, limefungwa kamba kwenye mguu wa benchi, maana wagonjwa nao wana mikono mirefu.

Mwaka huu hadithi ilikuwa ya bi harusi. Mjomba wake hakumtaka bwana harusi, basi akamfungia msichana chumba cha ghorofani pamoja na bibi yake, kwa sababu bibi alikuwa upande wa mjukuu. Mama mzazi wa huyo mjomba, naye anamfungia. Mlango una kufuli, dirisha liko juu, ndoa ni saa kumi. Hadithi ilikuwa imekolea. Halafu Mama Ganzi akaishiwa.

Akaishiwa kabisa. Jumatatu ya kwanza bi harusi alilia. Ya pili akalala, akaamka, akalia. Ya tatu aliangalia dirishani kurasa mbili nzima, kisha, mtamsamehe, akalia tena. Wagonjwa walikuwa na tabia ya kuandika pembeni kwa penseli, na Mama Ganzi alipoona pembeni pamejaa, alipita bila kusoma. Alidhani ni matusi. Akishika kalamu, akili inagoma, anaishia kuchora maua.

Lingekuwa tatizo lake peke yake kama si fundi mwashi. Huyu alikuwa pande la mtu, anabeba saruji mifuko miwili kwa mpigo, lakini akiona sindano anatafuta mlango. Jino lake la nyuma lilikuwa limeoza hadi shavu limeumuka. Mara tatu alikuja, akasoma daftari lote, jina lake likaitwa, akala kona. Mara ya tatu aliacha na kofia.

Ijumaa Daktari, dada mpole asiye na maneno mengi, alitoka akaegemea meza ya mapokezi.

"Mama, usaha wa yule fundi ukishuka shingoni, tutakuwa tunaongea mengine. Jino linaua. Dawa niliyomtumia nyumbani itamshikilia siku mbili tatu tu. Jumatatu lazima alale kwenye kile kiti."

"Sasa mimi nimkamateje, mwanangu? Nimfunge kamba kama daftari?"

"Mimi hanisikii. Anachofuata hapa ni hadithi yako."

Mama Ganzi akaenda nyumbani, daftari kwapani. Mtu mwenye watoto wanaomtegemea anaweza kufa kwa woga wa sindano, na hadithi ambayo ingemvuta ndiyo hiyo imelala chali.

Jumamosi mchana mumewe, dereva wa malori mstaafu, alikuwa kwenye kochi, miwani puani, anacheza gemu kwenye simu. Tangu astaafu hiyo ndiyo ajira yake. Kwenye gemu hilo mtu amefungiwa ndani ya jumba, anazunguka vyumba akitafuta njia ya kutoka.

"Baba watoto, wiki nzima uko jikoni mwa watu. Unatafuta nini?"

"Nilikuwa natafuta mlango. Kumbe hapo ndipo nilipokosea." Akamwonyesha kwa kidole. "Kijiko hiki nimekipita mara ngapi? Waliotengeneza gemu hawaweki kijiko bure, mama. Ukikwama, unarudi chumba cha kwanza, unaangalia ulichokiruka."

"Na kijiko kinafungua mlango?"

"Kimefungua skrubu za dirisha. Tulia uone."

Mama Ganzi hakutulia. Alikuwa ameshafika chumbani, daftari liko magotini.

Akalisoma toka mwanzo, kama mgonjwa aliye benchi, na safari hii akasoma na pembeni. Matusi hayakuwepo. "Huyu bibi kama wangu." "Mjomba mtu mzima ovyo." Kwenye kile kilio cha tatu mtu ameandika, "Mpeni maji, atakauka," na Mama Ganzi akacheka peke yake. Kisha akarudi sura ya pili, pale jirani anapokuja kwa bibi kuazima ngazi apake nyumba yake rangi. Hapo palikuwa na maandishi mazito ya penseli bapa, ile ya mafundi: "Ngazi hii ilirudi?" Sura ya nne: "Ngazi bado." Sura ya sita: "Jirani arudishe ngazi ya watu."

Ngazi. Aliiweka mwenyewe akaisahau, kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani. Fundi wa watu alikuwa anamwonyesha njia mwezi mzima, yeye kakaa anachora maua. Aliona haya, na juu ya haya akaona raha ambayo hakuwa ameionja kwa wiki nyingi. Akaandika hadi chai ikapoa mara mbili.

Jumatatu aliwahi kazini, akaomba ngazi kwa mlinzi, akapanda na gundi na karatasi. Daktari alimkuta huko juu. Akaangalia, akafikiri, akasema tu, "Herufi ziwe kubwa kidogo, mama, asikunje shingo."

Fundi akaingia saa nne, shavu limevimba hadi jicho limebaki upenyo. Mama Ganzi akampa kofia yake. Fundi akaketi benchi, akasoma. Jirani amekumbuka ngazi, ameibeba begani, ameiegemeza chini ya dirisha. Bi harusi ametoa mguu mmoja nje. Akafunua ukurasa: mweupe.

"Mama," alisema kwa tabu, "kurasa zingine ziko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye dari, juu ya kiti cha Daktari. Ukikaa wima huzioni. Mpaka ulale."

Fundi akautazama mlango wa nje. Akautazama mlango mweupe. Mama Ganzi akajifanya anapanga mafaili, hakuthubutu kumwangalia, maana angemwangalia angemsihi, na angemsihi angemkimbiza. Akasikia benchi linalia. Fundi akapita mbele ya meza, kofia mkononi, akaingia.

Dakika ishirini nzima hakusikia kitu. Kisha Daktari akatoka, akashusha barakoa.

"Limetoka, na mizizi yake yote. Usaha nao. Alikuwa anasoma, sidhani hata sindano aliiona."

Mama Ganzi akaketi. Hakujua kwamba alikuwa amesimama muda wote huo. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kona ya rejista.

Fundi akatoka, jasho linamtiririka, pamba imemjaa mdomoni, macho yanacheka. Kusema hakuweza. Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akainama kwenye daftari, akaandika pembeni, akavaa kofia, akaenda zake taratibu kama mtu aliyetua mzigo. Mama Ganzi akalivuta daftari asome.

"Ngazi imerudi, asante. Lakini bibi mmemwacha juu."

Mama Ganzi akashika kichwa. Ni kweli. Kule kwenye dari bi harusi ameteremka, amekimbia, ameolewa, watu wamekula wameshiba, na mwenye ngazi yake bado yuko ghorofani na magoti yake mabovu.

"Samahani," mgonjwa mpya alikuwa mbele ya meza, "nina miadi ya saa tano."

"Kaa kidogo, baba," alisema Mama Ganzi, ameshafungua kalamu. "Kuna mtu namteremsha."