Umri Niliojiandikia Mwenyewe

Leo nimeambiwa mimi bado kijana.

Msicheke kwanza.

Asubuhi nimejikokota na fimbo yangu kutoka Nyasho hadi bomani, kuomba nisamehewe kodi ya kichwa. Wazee wasiojiweza husamehewa, na mimi hata kushika jembe siwezi.

Karani akafungua kitabu. "Mzee, umri wako bado."

"Mwanangu, si unaniona?"

"Mimi naangalia kitabu."

Nikachungulia. Mwandiko ni wangu!

Nilikuwaga karani wa kodi hapo hapo. Nilipoogopa kustaafishwa mapema, nikajipunguzia miaka kumi kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikamtajia rika nililotahiriwa nalo. Kwetu Butiama kila mtu analijua.

Akafunga kitabu. "Kitabu hakijui rika, Mzee."

Jamani, maneno hayo ni yangu! Nilikuwaga nawaambia wazee kwenye dirisha lile lile, na wao wananitajia marika yao.

Mmoja wao ni jirani yangu. Analipa mpaka leo, na haoni vizuri.

Nimemkuta mlangoni kwake sasa hivi, akaniuliza kwa upole, "Wamekusamehe, ndugu yangu?"

Nyinyi mngemjibu nini?